Kibanio cha Ukuta Wenye Kitambi

Nyumba zote duniani zimejengwa na waongo. Huo ndio ulikuwa msimamo wa Bi Mnuno, fundi wa makabati ya ukutani, na ukimbishia alikushika mkono akakupeleka mpaka kwenye ukuta wako mwenyewe, akaegesha pima maji, akakuonyesha. Mwashi alikuapia kwamba ukuta umenyooka, nawe ukaamini kwa sababu umeona rangi nyeupe. Kumbe katikati umetoka kitambi, juu umelala nyuma, na huko pembeni umebonyea kama shavu la mtu asiye na magego. Utaishi humo miaka bila kujua. Siku utakapotaka kabati la kutoka ukuta mpaka ukuta ndipo utakapojua, maana ubao umenyooka na ukuta haukunyooka, na kati yao kuna pengo ambalo mende hupita bila kuinama.

Jina la Mnuno alipewa na wateja kwa sababu ya uso. Hakuwa amemkasirikia mtu, ila akipima alikunja paji la uso mpaka nyusi zikapeana mikono. Mumewe, ambaye naye alikuwa fundi, alizoea kuwaambia wateja, "Msimwogope jamani, anapima tu." Karakana yao ilikuwa na bango la mbao juu ya mlango: FUNDI NA MKEWE. Wa tatu wao alikuwa mdogo wake mume, ambaye mtaa mzima ulimwita Tabasamu. Huyo kushika msumeno alishika, lakini kazi yake hasa ilikuwa mdomo. Mteja akija na hasira, Tabasamu anamkalisha, anampa maji, anamchekea, na mteja anaondoka ameagiza kabati la pili. Kila mtu na kipaji chake, simnyimi haki yake.

Sasa lile pengo. Mafundi wengine huliziba kwa vipande vya mbao na gundi, wanapaka rangi, wanachukua chao, kwaheri. Mvua zikija ukuta unavimba, jua likiwaka unanywea, kiraka kinapasuka na milango inaanza kugombana. Bi Mnuno aliuchukia ujanja huo kama anavyouchukia uongo. Yeye alichonga ubao mzima kwa randa kuufuata ukuta, kilima kwa bonde, na ubao mmoja ulimlia siku nzima. Siku moja yuko amepiga magoti, jasho linamtiririka, nywele zimemwangukia machoni. Akachomoa kibanio cha nywele, kile cha bati jembamba lililopinda, kinacholia ta ukikibonyeza, apate kubana upya. Badala ya kukirudisha kichwani, akakichomeka kati ya ubao na ukuta. Ubao ukatulia. Akausukuma, nao ukamsukuma. Akauachia, ukarudi palepale. Alikaa sakafuni nywele timtim anakitazama, mpaka mumewe akamuuliza kama ameumia.

Ilimchukua msimu mzima kukipata kibanio cha kazi hiyo. Chuma chembamba kilikatika, kinene kikawa kigumu hakisukumi kitu, cha springi za kiti cha gari kuukuu ndicho kilichokubali. Mwishowe akatoa bamba dogo la kufungwa ukutani kwa skrubu, na kwenye bamba ulimi uliopinda kama upinde, na kwenye ncha ya ulimi tundu refu ili skrubu ya ubao iweze kuteleza juu na chini kadiri ukuta unavyotaka. Ubao unabaki wima, na ulimi unaumeza uongo wote wa ukuta. Walikifunga kwenye ukuta wa karakana, ule wenye kitambi kama mjamzito wa miezi ya mwisho, na kabati likasimama kama askari. Mumewe aliufungua mlango na kuufunga, akaufungua na kuufunga, akacheka peke yake. "Hiki ni chako," akamwambia. "Mimi ningeshinda na randa mpaka nizeeke."

Kilikuwa na kasoro, na nakwambia mapema kwa sababu yote yaliyofuata yalitoka hapo. Bi Mnuno aliigundua nyumbani kwa rafiki yake fundi cherehani, ambaye ukuta wa chumba chake haukuwa na kitambi bali ulikuwa umebonyea ndani. Pale ulimi ulijinyoosha mpaka nguvu zikaisha, na kila mlango ulipofunguliwa ubao ukasogea kidogo, kesho kidogo tena, kama mtu anayenyemelea kutoka kwenye mkutano. Bi Mnuno alitazama, akaelewa pale pale. Kibanio kile kinajua kusukuma tu. Ukuta ukija kwako, kinausukuma. Ukuta ukikukimbia, hakijui kuuvuta. Panatakiwa ulimi wa pili, unaotazama upande mwingine. Alirudi nyumbani mbiombio amweleze mumewe, akakuta amepelekwa hospitali.

Mumewe hakurudi. Bi Mnuno alilala kwenye benchi la hospitali muda wote wa ugonjwa, na ufunguo wa karakana alimwachia shemeji yake. Nani tena angemwachia? Kikulacho ki nguoni mwako. Siku ile ya mwisho aliyoweza kusema, mgonjwa alikuwa na mama yake na mdogo wake chumbani, Bi Mnuno amekimbilia duka la dawa. Aliporudi, mume alikuwa amefumba macho, na hakuyafumbua tena.

Baada ya mazishi, jamaa wangali wamekaa, Tabasamu alisimama na uso wa huzuni uliompendeza. Akasema kile kibanio alikibuni marehemu kaka yake, na kwamba pale kitandani alimrithisha yeye. "Alinishika mkono, akaniambia, mdogo wangu, chukua, ukaendeleze." Watu wote wakamgeukia mama yao, maana ndiye aliyekuwapo. Mama mkwe alivuta mtandio wake, akatazama magoti yake, akasema, "Ndivyo alivyosema mwanangu."

Hebu fikiria. Tabasamu kuiba, hilo Bi Mnuno angelibeba. Mwizi ni mwizi. Lakini mama mkwe alikuwa mama wa sala na ukweli, mama ambaye hata chenji ikizidi alirudi dukani, na Bi Mnuno alikuwa akimwita mama bila kuweka mkwe. Huyo akisema ndivyo, basi ndivyo. Basi mume wake, aliyejua kibanio kilitoka kwenye nywele za nani, alikuwa amekitoa kwa pumzi yake ya mwisho kwa mtu mwingine, mke akiwa foleni anamtafutia dawa.

Aliporudi karakana alipanda ngazi, akachukua brashi, akafuta kwa rangi neno FUNDI na neno NA. Bango likabaki na MKEWE, kama kichekesho, na watu walipocheka hakujali. Picha ya mumewe aliilaza kifudifudi kwenye droo ya misumari. Alipopiga randa alimtukana kwa sauti: mnafiki wewe, mfu asiye na shukrani. Kaburini hakukanyaga. Ndugu walipokwenda kulifyeka majani, alisema majani nayo yana haki ya kuishi.

Tabasamu akafungua duka lake barabara kubwa, lenye kioo, na kibanio kikaitwa kibanio cha Tabasamu. Alikichukua kile cha majaribio jinsi kilivyokuwa, akakipeleka kwa wahunzi wakakitoa kwa mamia. Alikwishakijaribu mwenyewe, alijisifu, kikashika vizuri kabisa. Na alikijaribu wapi? Kwenye ukuta wa karakana, ule wenye kitambi, ukuta pekee aliowahi kukiona kinafanya kazi. Bi Mnuno aliposikia hivyo, kwa mara ya kwanza tangu mazishi alikula akashiba.

Kuna hasira ya moto wa karatasi, inawaka na kuzimika. Yake ilikuwa ya mkaa uliofunikwa majivu. Nyuma ya karakana, mlango umefungwa, alitengeneza kibanio chenye ndimi mbili, mmoja wa kusukuma na mmoja wa kuvuta, akakijaribu kwenye kila ukuta mbovu wa watu waliomfungulia mlango kwa heshima, na hakukiuza kwa mtu. Alikiweka kwenye mkoba, akasubiri, mwaka ukaingia mwaka. Alijua anachokitaka, wala hakikuwa pesa. Alitaka Tabasamu asimame mbele ya mama yake aseme, kwa mdomo wake ule mzuri, kwamba kibanio ni cha Mnuno na kwamba alidanganya. Alitaka mama asikie. Usiku na mchana hakuna kingine alichokitaka.

Siku ikaja yenyewe. Fundi cherehani alipata kazi ya mapazia kwenye nyumba ya wageni, jengo la zamani lenye kuta nene, na akamwomba Bi Mnuno amshikie futi ya kupimia madirisha. Rafiki yake anashughulika na madirisha, yeye akapitisha kiganja ukutani. Akaenda chumba cha pili, akapitisha. Cha tatu. Kuta za pembeni zote zilikuwa zimebonyea, jengo zima limevuta pumzi ndani likasahau kuitoa. Akashusha mkono. Hapo mlangoni akatokea Tabasamu na mwenye nyumba, mama mmoja mwenye miwani, anamtembeza.

"Shemeji!" akasema Tabasamu, meno yote nje. "Umekuja kuona kazi ya marehemu?"

"Nimekuja kwa mapazia," alisema Bi Mnuno.

"Vyumba vyote hivi nawekea makabati mimi. Nimemwambia mama hapa, kibanio chetu hakichagui ukuta." Kisha, kwa kuwa palikuwa na mteja na alipenda kuonekana mtu wa ndugu, akaongeza, "Au wewe unaonaje, shemeji? Kuta hizi zikoje?"

Angeweza kusema. Neno moja tu lingetosha, na fundi mwenzake yeyote angelisema, hata kwa adui, maana kazi mbovu inatutia aibu sote. Bi Mnuno alimtazama usoni, akaona uso uleule uliosimama siku ya mazishi.

"Kuta ni kuta," alisema, akakunja futi.

Njiani fundi cherehani alimshika kiwiko. "Wewe. Zile kuta ni kama ya chumbani kwangu. Kabati langu si lilitembea? Mwambie mwenzako."

"Nimwambie nini? Si aliachiwa na marehemu? Amuulize marehemu."

"Una roho mbaya."

"Ninayo," alisema Bi Mnuno. "Walinipa wao."

Makabati yakafungwa, yakapakwa rangi, yakapendeza. Kila alipotoka fundi cherehani kule kurekebisha mapazia, Bi Mnuno aliweka kazi chini. "Na makabati?" "Mazuri." Baada ya mvua za kwanza: "Na makabati?" "Mlango mmoja unalia." "Unaliaje?" Fundi cherehani aliiga mlango unavyolia. Bi Mnuno akamwomba aige tena. Simba mwenda pole ndiye mla nyama, na huyu alikuwa keshaanza kunusa. Mwishoni mwa mvua habari ikaja yenye ladha yote: mgeni mmoja ametundika koti lake zito, akavuta mlango, na ubavu mzima wa kabati ukaachana na ukuta ukamfuata. Hakuumia. Alidhani nyumba inaanguka, akatoka mbio mpaka barabarani na taulo tu. Bi Mnuno alicheka mpaka akashika meza. Kisha akanyamaza ghafla, maana alikumbuka mtu ambaye angekipenda sana kisa hicho, na alikuwa amemlaza kifudifudi kwenye droo.

Tabasamu alikuja karakana asubuhi moja, na kwa mara ya kwanza meno hayakuonekana. Alikuwa ameongeza vibanio. Alikuwa amekaza skrubu mpaka zikala mbao. Alikuwa ameziba kwa mbao na gundi, kama wale wengine. Kadiri alivyokaza ndivyo kabati lilivyopinda. Mwenye nyumba amempa muda mpaka wageni wa likizo waje, la sivyo ang'oe yote, na atamweleza kila mtu mjini kwa nini.

"Shemeji, naomba tusaidiane. Sisi ni damu."

"Damu yako ni mama yako na aliyekufa. Mimi ni mke wa aliyekufa. Bango hilo hapo juu, hukulisoma?"

Akaona mkoba juu ya meza. Bi Mnuno akatoa kibanio cha ndimi mbili, akakiweka kwenye kiganja, akakiacha kitazamwe. Tabasamu alikuwa fundi kiasi cha kuelewa. Akanyoosha mkono, naye akakirudisha mkobani.

"Taja bei," alisema Tabasamu.

"Uende kwa mama. Usimame mbele yake, mimi nipo, useme kibanio nilikitengeneza mimi, na mume wangu hakukurithisha kitu."

"Mama ni mzee. Ana presha. Utamuua kwa jambo la chuma?"

"Basi kaa na makabati yako."

Alikwenda mpaka mlangoni, akarudi. Alikuna kichwa, akakaa, akasimama. Hatimaye akasema, "Twende."

Mama mkwe alikuwa sebuleni kwake, miguu ameipumzisha juu ya kigoda, redio inazungumza chinichini. Alipowaona wamefuatana akaizima. Bi Mnuno alisimama karibu na mlango, mkoba kifuani. Alikuwa ameuona mara ngapi akilini mwake uso wa mama ukishtuka, mkono ukienda mdomoni, na sauti ikisema, maskini mwanangu, tulikudhulumu.

Tabasamu alisema. Nampa haki yake, alisema yote, macho kwenye zulia. Kibanio kilikuwa cha shemeji. Alikichukua karakana walipokuwa hospitali. Kaka hakumrithisha kitu.

Mama hakushtuka. Mkono haukwenda mdomoni. Alimtazama Bi Mnuno kwa uchovu tu, kama mtu aliyeshikilia mlango muda mrefu na sasa anauachia.

"Nilijua," alisema.

"Ulijua baadaye?" aliuliza Bi Mnuno.

"Nilijua siku ileile. Nilikuwapo, mwanangu. Alitushika mikono wote wawili. Alisema, kile ni cha mke wangu, kimetoka kichwani mwake na nywele zake, mtu asikiguse. Akacheka kidogo kwa habari ya nywele. Akaniambia, mama, wewe ndiye shahidi."

"Mama," alisema Tabasamu, "hilo halikuwa na haja."

"Nyamaza wewe. Nimechoka kulibeba." Akamgeukia tena mkwewe. "Mmoja alikuwa anakwenda. Huyu alikuwa anabaki, hana kazi, hana chochote, ana mdomo tu. Wewe una mikono. Nilijiambia, mwenye mikono atatengeneza kingine. Ni mama mimi. Nisamehe."

Bi Mnuno alikuwa anasikia sauti yake mwenyewe juu ya randa, mnafiki wewe, mfu asiye na shukrani, mwaka baada ya mwaka, akimwambia mtu aliyetumia pumzi ya mwisho kumtetea. Mama alinyoosha mkono wake mkavu, akaungoja upokewe.

"Huyu nimemsamehe leo," alisema Bi Mnuno, na sauti yake ilikuwa ya kawaida, ile ya kupimia. "Aliniibia chuma, na kweli, ulivyosema, chuma nimetengeneza kingine. Wewe uliniibia mume wangu akiwa amekwishakufa. Huyo nimtengeneze kwa kitu gani?"

Mkono ulibaki hewani. Bi Mnuno alitoka. Tabasamu alimfuata mpaka barazani, analia sasa kwa kweli, na yeye akafungua mkoba, kwa sababu neno lake ni neno, akampa kibanio.

"Ulimi wa juu unasukuma, wa chini unavuta," alimwambia. "Usiugeuze. Na upime kila ukuta kwanza, usiniaibishie kazi."

Ndani mama alikuwa anamwita, mwanangu, mwanangu, kwa sauti ya kupanda. Tabasamu akasema, "Shemeji, anakuita."

"Nasikia," alisema Bi Mnuno, akafunga mkoba, akateremka ngazi.